Wavu, Chupa na Mnyama Asiyeshikika: Mintarafu ya Ktenofora wa Pwani ya Bagamoyo

Mwezi wa Machi mwaka 1899, meli ya Kijerumani iitwayo Valdivia, iliyokuwa imeng'oa nanga Hamburg mwaka uliotangulia, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikafika hata kwenye barafu za kusini na kisha kupanda kupitia Sumatra na Shelisheli, iliingia bandari ya Dar es Salaam. Na ilipotoka humo ilishika njia ya kaskazini, ikapita baina ya bara na visiwa vya Unguja na Pemba huku ikiteremsha nyavu zake vilindini. Mkuu wa safari hiyo alikuwa Profesa Carl Chun wa Leipzig, na jambo ambalo aghalabu halitajwi, pale watu wanaposimulia habari za meli ile, ni kwamba bwana huyo ndiye aliyekuwa mjuzi mkubwa kuliko wote wa zama zake katika elimu ya ktenofora, wale wanyama laini wa baharini, wapenyezao nuru kama kioo, ambao wavuvi wetu huwahesabu pamoja na konyeza na mayavuyavu mengine. Mwaka 1880 alikuwa ametoa kitabu kikubwa juu ya ktenofora wa Ghuba ya Naples, na hata leo mtu akitaka kuandika kwa uangalifu juu ya wanyama hao hana budi kuanzia hapo.

Kati ya Naples na mlango wa bahari wa Unguja kulikuwa na tafauti moja kubwa, nayo haikuwa tafauti ya bahari. Kule Naples, katika kituo cha elimu ya viumbe alichokianzisha Anton Dohrn mwaka 1872, Chun alikaa ufukweni, akaletewa wanyama wakiwa hai ndani ya vyombo vya maji, akawatazama saa kwa saa wakila, wakitaga na kukua. Humu kwetu alikuwa juu ya sitaha ya meli iliyotumwa kupima vilindi, nacho kilichopanda kutoka vilindini kilipanda ndani ya wavu. Miaka michache kabla yake Franz Stuhlmann, ambaye kati ya 1888 na 1890 alikusanya wanyama wa Unguja na Bagamoyo kabla hajafuatana na Emin Pasha kwenda bara, alikuwa amejaza chupa nyingi kwa ajili ya makumbusho ya Ulaya. Lakini chupa hizo zilikuwa za pombe kali, na pombe kali humhifadhi kaa, humhifadhi samaki, humhifadhi hata mnyoo, ilhali ktenofora humgeuza kuwa utando usio na sura.

Hoja ya makala haya, basi, ni hii: kwamba sehemu kubwa ya yaliyosemwa juu ya unyonge, uchache na uduni wa ktenofora, tangu madaftari ya wakusanyaji wa karne ya 19 hata mijadala ya sasa juu ya shina la mti wa wanyama, ni habari za vyombo vilivyotumika kuwatafuta kuliko kuwa habari za wanyama wenyewe, na kwamba pwani hii iliyoko kaskazini ya Dar es Salaam, kwa kina chake kidogo, kwa miamba yake inayofikika maji yakipwa, na kwa watu wake wanaoshinda na kukesha baharini, inafaa sana kwa kazi ya kuisahihisha hesabu hiyo.

Anayetaka kumjua ktenofora na aache wavu nyumbani. Na achague asubuhi ya maleleji, upepo ukiwa haujashika upande na bahari imelala, achukue chupa ya kioo yenye mdomo mpana, aizamishe taratibu ubavuni mwa mtumbwi mbele ya kitu anachodhani kuwa si kitu ila mkunjo wa maji, aache maji yaingie yenyewe, kisha ainyanyue na kuishika dhidi ya jua. Akijaliwa kumpata mmoja wa kundi la sidipida, ambao ndio wa kawaida zaidi kwa umbo, ataona tufe dogo lenye ukubwa kama wa ncha ya kidole, na juu ya tufe hilo mistari minane iliyoteremka kutoka upande mmoja hadi mwingine, nayo inapitiwa na rangi nyekundu, kijani na buluu zinazokimbia bila kukoma. Rangi hizo si zake. Kila mstari umepangwa vitana vidogo vidogo, na kila kitana ni maelfu ya silia, yaani vinyweleo vya seli, vilivyoungana na kupiga kasia kwa pamoja, kitana kimoja baada ya kingine; nuru ya jua ipitapo katika safu hizo zilizopangika barabara hupasuka ikawa rangi. Hakuna mnyama mwingine mkubwa kuliko hawa anayeogelea kwa silia.

Akiipindua chupa, ataona mnyama anasita, kisha baadhi ya mistari inapiga kwa nguvu zaidi kuliko mingine, na tufe linageuka mpaka limesimama tena kama lilivyokuwa. Siri ya jambo hilo imekaa kwenye ncha iliyo kinyume cha mdomo, ambako chini ya kuba la uwazi mna kijiwe kilichobebwa juu ya mafungu manne ya silia. Kijiwe kikielemea upande, fungu la upande huo hubonyea, nalo limeunganishwa na mistari yake miwili, na kwa hiyo mistari minane yote hupokea habari ya mwinamo bila ya kuwapo ubongo wowote wa kuipima. Tena, akiiacha chupa itulie, ataona kutoka ndani ya vifuko viwili vya ubavuni inashuka minyiri miwili, myembamba kuliko uzi wa buibui, mirefu mara nyingi kuliko mwili wenyewe, kila mmoja ukiwa na matawi upande mmoja kama matamvua ya nyuzi. Minyiri hii haina sumu. Konyeza huchoma kwa seli zenye mishale. Ktenofora hunasa kwa seli zenye gundi, ambazo ndani yake mna uzi uliojizongomeza, na kidudu cha planktoni kikigusa hapo hushikwa kama ndege kwenye ulimbo, kisha mnyiri hukunjwa na kufutwa mdomoni.

Nimekaa juu ya mambo haya kwa sababu yote hayo, mwendo, mizani na mtego, hutoweka wavu unapopita. Mnyama ambaye karibu mwili wake wote ni maji hana cha kuzuia nyuzi. Hukatika, huchujwa, na kilichobaki hutajwa katika daftari kuwa ni ute. Wavuvi wa dagaa wanaotoka na taa wakati wa giza la mwezi, na wanawake wanaotanda uduvi ufukweni, huufahamu sana ute huo kwa jinsi unavyofanya nyuzi ziteleze na ziwe nzito. Na hapana ajabu kama hawakuupa heshima zaidi ya hiyo, madhali wataalamu nao waliufanyia vivyo hivyo. Jambo la kustahili kukumbukwa ni kwamba tatizo la wavu lilifahamika katika maji yetu zamani. J. H. Wickstead, aliyefanya kazi Unguja katika shirika la utafiti wa uvuvi wa bahari la Afrika Mashariki, alitangaza mwaka 1963 makadirio yake ya planktoni wanyama wa eneo la Unguja, na katika makala hayo hayo akalinganisha mavuno ya nyavu mbili za namna mbili, maana alijua kwamba hesabu ya bahari hufuata tundu la wavu. Waheed Okera naye, aliyechunguza planktoni wanyama wa maji ya karibu na Dar es Salaam na kutoa matokeo yake 1974, aliongeza swali la namna wanyama hao wanavyoitikia taa. Walichotuachia wawili hawa ni adabu ya kutilia shaka chombo kwanza, kabla ya kumtilia shaka mnyama.

Kwingineko adabu hiyo ilizaa matunda ya ghafla. Mwaka 1975 William Hamner na wenzake walieleza jinsi walivyoziacha nyavu wakapiga mbizi katika maji ya buluu karibu na Bimini, wakiwa wamefungwa kamba wasipotelee kilindini, na kuwatazama wanyama laini kwa macho yao. Nao waliowafuata wakaona kwamba bahari iliyodhaniwa tupu imejaa. Mwaka 1978 Laurence Madin na Richard Harbison walimtambulisha ktenofora wa kilindi aliyechukuliwa kwa chombo cha kuzamia kiitwacho Alvin, wakampa jina la rubani wa chombo hicho, Bathocyroe fosteri. Na mwaka 2020 likatokea jambo ambalo Chun, nadhani, angelipinga kwa hasira kabla ya kulikubali: wataalamu wa Marekani walitangaza spishi mpya, Duobrachium sparksae, bila ya kuwa na kielelezo hata kimoja mkononi, ila picha za mwendo zilizopigwa 2015 karibu na Puerto Rico, kwenye kina cha mita 3,900. Elimu iliyozoea kusema kwamba kisichokuwa ndani ya chupa hakijakuwako ililazimika kukiri kwamba kuna viumbe ambao chupa ndiyo inayowaondoa.

Hadi sasa spishi zilizokwisha kupewa majina hazipungui sana wala hazizidi sana 200, idadi ambayo kwa faila nzima ya wanyama ni ndogo, nami siiamini. Lakini hata hao 200 wana tafauti za kushangaza. Katika bahari zote za joto huelea Cestum veneris, aliyebanwa akawa kama mshipi wa kioo wenye urefu unaoweza kuzidi mita 1, na ambaye hujinyonganyonga kama nyoka akishtuliwa. Kuna Ocyropsis, naye wa bahari za joto, ambaye amekinai kwenda kwa vitana vyake pindi anapokimbia, hupiga mabawa mawili ya mwili wake akaruka nyuma. Tena yeye ni dume au jike, hali wengi wa jamaa zake huwa wote wawili kwa pamoja. Kuna Beroe, asiye na minyiri hata kidogo, gunia lenye mdomo, ambaye chakula chake ni ktenofora wenzake: ndani ya midomo yake mmepangwa meno ambayo kila moja ni silia 2,000 hadi 3,000 zilizofungwa ndani ya utando mmoja, na kwa meno hayo hung'ata mnyama aliye mkubwa kuliko yeye akamkata vipande. Aghalabu ya wanyama hawa hutoa pia nuru yao wenyewe usiku, ya kibuluu, inayofuata mifereji iliyo chini ya vitana, na nuru hiyo ni nyingine kabisa na zile rangi za mchana.

Walakini kundi ambalo pwani yetu ingelifaa kulipa nafasi ya kwanza ni lile la platiktenida, ktenofora walioiacha elimu ya kuogelea. Mwaka 1880, mwaka ule ule wa kitabu cha Chun, Mrusi Alexander Kowalevsky alieleza mnyama wa Bahari ya Shamu, Coeloplana, aliyebapa kama bapa la unga, asiye na vitana akishakomaa, atambaaye kwa mdomo wake uliotandazwa ukawa kama unyayo, na ambaye mtu angelimdhani kuwa ni mnyoo bapa lau si minyiri miwili inayochomoza mgongoni na kunyooka majini kuvua, sawasawa na ile ya jamaa zake waeleao. Spishi za jinsi hiyo huishi juu ya wanyama wengine, kila moja na mwenyeji wake: Coeloplana bannwarthi hukaa kati ya miiba mirefu myeusi ya Diadema, yule mwenye kuchoma miguu ya wachokoaji wa pweza, Coeloplana astericola hukaa juu ya kiti cha pweza, wengine hutanda juu ya matumbawe laini, wakiwa na rangi ya mwenyeji wao hata wasitambulikane mpaka minyiri itoke.

Sasa, Diadema ni wengi mno katika miamba ya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ambayo imewekwa hifadhi tangu 1975, na viti vya pweza havihesabiki katika mabwawa yanayobaki kati ya matumbawe maji ya bamvua yanapokupwa. Kumtafuta platiktenida hakutaki meli wala mashine ya kuzamia. Kunataka bakuli jeupe, maji safi ya bahari, mwenyeji aliyewekwa humo bila ya kubughudhiwa, na mtazamaji mwenye subira ya kusubiri uzi mweupe utoke mahali ambapo hapakuwa na kitu. Wanaochokoa pweza kule Kunduchi na Bagamoyo hupindua mawe na kutambua mashimo kwa alama ambazo msomi hazioni. Macho ya namna hiyo yakielekezwa kwa lengo hili, orodha yetu ya ktenofora itakua kwa msimu mmoja kuliko ilivyokua kwa safari za meli.

Amma kuhusu asili na nasaba ya wanyama hawa, kosa la chombo limekuwa na madhara makubwa zaidi, kwa kuwa hapa chombo si nyuzi bali ni dhana. Tangu zamani wanyama walipangwa katika ngazi: chini kabisa sifongo, asiye na mdomo, neva wala misuli, juu yake konyeza na ktenofora, wenye neva kidogo na tumbo lenye tundu moja, kisha minyoo, na kuendelea hadi kwa mwenye kuipanga ngazi. Konyeza na ktenofora waliwekwa chumba kimoja kwa sababu wote ni laini na wote ni uwazi, yaani kwa sababu wote wawili huharibikia wavuni kwa namna moja. Ushahidi mmoja ulionekana kuthibitisha undugu huo: ktenofora mwekundu ambaye leo huitwa Haeckelia rubra alikutwa na seli zenye mishale ya sumu, mali ya konyeza, na wataalamu wa karne ya 19, Chun akiwa miongoni mwao, waliona ajabu kubwa. Ilipofika 1984 Claudia Mills na Richard Miller walionyesha kwamba mishale ile imeibwa: Haeckelia hula konyeza wadogo, akaiweka mishale yao katika minyiri yake bila kuilipua. Kiungo cha nasaba kiligeuka kuwa mabaki ya karamu.

Kadhalika habari ya tumbo. Vitabu vingi viliandika, na wanafunzi wengi wakakariri, kwamba ktenofora hana tundu la kutolea uchafu ila mdomo wenyewe. Kumbe anazo tundu mbili ndogo upande wa pili, na mwaka 2019 Sidney Tamm, aliyewatazama wanyama hai kwa darubini, alieleza kwamba katika ktenofora aitwaye Mnemiopsis leidyi ni tundu moja tu ambalo hufunguka wakati wa haja na kisha kutoweka lisionekane kabisa. Mnyama mfu hawezi kutoa ushahidi juu ya mlango unaokuwapo kwa dakika chache.

Ngazi yenyewe ilitikisika mwaka 2008, Casey Dunn na wenzake walipolinganisha jeni nyingi za wanyama mbalimbali na kupata kwamba tawi la kwanza kuachana na wanyama wengine wote halikuwa la sifongo, bali la ktenofora. Jenomu nzima ya Mnemiopsis iliyotolewa 2013, na ile ya Pleurobrachia bachei iliyotolewa 2014 na kundi la Leonid Moroz, zilielekea huko huko. Na Moroz akaongeza kwamba mnyama huyu hana sehemu kubwa ya kemikali ambazo neva zetu hutumia kupashana habari, hivyo huenda neva zilizuka duniani mara mbili. Wapinzani hawakukosa hoja. Davide Pisani na wenzake walijibu 2015 kwamba jeni za ktenofora zimebadilika kwa kasi mno, na kwamba nasaba zenye mabadiliko mengi huvutwa kwenye shina la mti na kanuni za hesabu zisizokuwa makini, hata kama mahali pake si hapo. Natamani msomaji aizingatie hoja hii, kwa kuwa ni ile ile ya Wickstead: kabla ya kusema habari ya kilichovuliwa, sema kwanza habari ya tundu.

Ndiyo maana nathamini zaidi burhani iliyotolewa 2023 na Darrin Schultz na wenzake, ambao hawakuhesabu herufi za jeni bali walitazama jeni zipi zimekaa pamoja katika kromosomu ipi. Walikuta mafungu ya jeni ambayo kwa ktenofora, na kwa viumbe wa seli moja walio jamaa wa wanyama, yamekaa kila moja katika kromosomu yake, ilhali kwa sifongo, konyeza na wanyama wengine mafungu hayo yameungana na kuchanganyika. Mtu akimwaga mchele na choroko katika gunia moja akalitikisa, hakuna mtikiso utakaozirudisha kila nafaka upande wake. Na kwa hiyo mwenye mafungu yasiyochanganyika hawezi kuwa ametoka kwa wenye mafungu yaliyochanganyika. Sifongo, kwa hesabu hiyo, yuko upande wetu, na ktenofora yuko upande wa pili peke yake. Mjadala haukufungwa, na wako wanaoendelea kumtetea sifongo kwa mbinu mpya. Lakini mzigo wa kuthibitisha umehama bega.

Hata wakishinda watetezi wa sifongo, dhana kwamba ktenofora ni mnyama sahili aliyeganda katika hali ya kale haiponi. Mwaka huo huo wa 2023 Pawel Burkhardt na wenzake walionyesha kwamba katika mtandao wa neva wa mtoto wa Mnemiopsis seli hazikuachana kwa nafasi, kama zilivyo zetu, bali zimeungana utando kwa utando zikawa kitu kimoja. Hapo kale Camillo Golgi alishikilia kwamba neva zote ni mtandao mmoja ulioungana, na Santiago Ramón y Cajal akashikilia kwamba kila seli ya neva iko mbali na mwenzake, nao wakapewa tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1906 wakiwa hawajapatana. Cajal alishinda, lakini yaelekea Golgi alikuwa na mnyama mmoja wa kumtetea, ambaye hakumjua. Na mawe ya kale yasemaje? Katika tabaka za Chengjiang nchini China, zenye umri wa miaka milioni 518, wamepatikana jamaa wa ktenofora waliokuwa na mbavu ngumu za kuushikilia mwili, na mwingine, Daihua, mwenye minyiri 18 iliyozunguka mdomo. Ulaini wa hawa wa leo, basi, si lazima uwe hali ya awali. Huenda ni jambo lililopatikana baadaye, kwa kuacha mzigo. Na wote waliopo sasa huonekana kuwa watoto wa babu mmoja wa kiasi cha miaka milioni 350 iliyopita, waliosalia wa ukoo uliokuwa mpana zaidi.

Kuna atakayeuliza mambo haya yana faida gani kwa mvuvi wa Bagamoyo, na swali lake ni la haki. Mapema katika miaka ya 1980 Mnemiopsis leidyi, mwenyeji wa mwambao wa Marekani upande wa Atlantiki, aliingia Bahari Nyeusi, yaaminiwa kwa maji ya kusawazishia meli, na kufikia 1989 alikuwa ameijaza. Dagaa wa bahari ile, waliokuwa wamekwisha kudhoofishwa na uvuvi wa kupita kiasi, wakaporomoka. Mwaka 1997 akaingia Beroe, mla ktenofora, na mvamizi akapungua. Lakini mnamo 1999 Mnemiopsis alikwisha kuvuka hadi Bahari ya Kaspi. Mnyama huyu hujirutubisha mwenyewe, hutaga maelfu ya mayai kwa siku, hustahimili maji yenye chumvi kidogo sana kama ya mdomo wa mto, na hula kwa kuvuta maji polepole hivi kwamba kidudu hakihisi mvuto mpaka kimefika.

Sisemi kwamba yuko njiani kuja kwetu, na wanaopiga kelele za hatari kila meli inapotajwa hawaisaidii elimu. Nasema kwamba mahali ambapo Ruvu na Wami humwaga maji yao matamu na tope lao, mahali penye kamba, uduvi na dagaa, mahali ambapo tangu mapatano ya 2013 Mbegani imetajwa kuwa bandari kubwa ijayo, mtu hataweza kumtambua mgeni asipowajua wenyeji. Ktenofora wa asili ya hapa nao hula mayai na makinda ya samaki, na hushindana na dagaa kwa chakula kimoja. Hiyo ni kazi yao ya siku zote, na haifai waje kuadhibiwa kwa kosa la mwingine siku msomi mwenye haraka atakapoona ute mwingi nyavuni.

Kazi yenyewe haihitaji hazina. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja tangu 1978, watafiti wa uvuvi walioko Kunduchi, na chuo cha uvuvi cha Mbegani kilicho kilomita chache tu kutoka Bagamoyo, wote wana mitumbwi na wanafunzi. Ningependekeza yafanyike machoto ya chupa, kwa mkono, mahali pale pale, katika kila mabadiliko ya pepo: kaskazi ikiwa imeshika, wakati mkondo wa pwani uendao kaskazini unapopungua kasi, tanga mbili, masika, Ruvu inapotia bahari wekundu, na kusi, mkondo unapokwenda kwa nguvu. Kila mnyama apigwe picha akiwa hai dhidi ya kitambaa cheusi, apimwe, kipande kidogo cha mwili wake kitiwe dawa kwa ajili ya jeni, na mwenyewe arudishwe majini. Maboya mawili yatoshe kwa mwaka wa kwanza, moja mdomoni mwa Ruvu na jingine nje ya Mwambakuni, ambako maji ya mto na maji ya mlango wa bahari hukutana. Maana swali la kwanza la kujibiwa ni kama ktenofora wa maji ya buluu, akina Cestum na Ocyropsis, hufika ndani hata Bagamoyo wakati wa kaskazi, au kama mpaka wao husimama kwenye ukingo wa tope.